Chumvi Iliyoganda Chupani

Hebu mwone anavyoingia. Lango la ghala la ushirika limefunguliwa lote, uwanja umejaa watu waliovaa nguo za mkutano, na yeye anapita pembenipembeni kama mtu aliyechelewa msibani, bambo lake la kupimia magunia kalibana kwapani. Leo hakuna mahindi ya kupimwa. Leo ni uchaguzi wa bodi. Lakini mkono uliozoea kazi huona aibu kutembea mtupu, basi kalibeba hivyo hivyo.

"Mama Chumvi kaja na mkuki," mmoja akatania. "Anataka kutuchoma aone kama tumekauka."

"Wewe ukichomwa itatoka pombe tupu," mwenzake akamjibu, na watu wakacheka.

Mama Chumvi naye akacheka, kicheko cha midomo tu.

Jina hilo alipewa na kazi. Wakulima wa ushirika ule huuza pamoja. Kila mtu huleta magunia yake, yakapangwa rundo moja ndani ya ghala moja, na bodi ndiyo hutafuta mnunuzi na kuamua siku ya kuuza. Gunia likishaingia ndani, halina tena mwenyewe. Ndiyo maana pale mlangoni lazima akae mtu wa kupima. Yeye hulichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akachota mahindi kidogo, akayatia kwenye chupa ya kioo pamoja na chumvi iliyokaushwa jikoni. Anatikisa, anaacha itulie. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi ni makavu, pita. Ikiganda kwenye kioo, bado yana maji, rudi nyumbani ukaanike. Methali ya samaki mmoja aliyeoza anaijua kila mtu. Ya gunia moja bichi waulize wenye ghala.

Na katika kazi ile Mama Chumvi hakuwa na muhali na mtu. Aliwahi kumrudisha Mwenyekiti wa bodi mwenyewe mbele ya foleni nzima. Mzee yule alifunga magunia yake tena juu ya baiskeli, akasema, "Mlango ukimwogopa mwenye nyumba, mwizi ataingia," akaondoka zake akipiga mluzi.

Mwaka uliofuata Mama Chumvi akamrudisha mdogo wake mwenyewe.

Huyu alikuwa kitindamimba wa kwao, mtoto ambaye dada huyu alimbeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Siku hiyo watu walimcheka. "Dada mtu kakukataa, mke je?" Yeye hakutania. Alipakia mahindi yake, na tangu hapo mguu wake haukukanyaga nyumbani kwa dada yake. Wakikutana njiani alikuwa anatazama ng'ombe wa watu.

Sasa twende kwenye msimu huu, siku ya mwisho ya kupokea mahindi. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabati, manyunyu yanaanza, wapakuzi wamechoka na kila mtu anataka kwenda kwake. Mama Chumvi akainua macho, akamwona mdogo wake ndiye wa mwisho kwenye foleni.

"Shikamoo, dada."

Mwaka mzima hakuwa ameisikia sauti ile. "Marahaba, baba," akajibu.

"Safari hii nimeanika mpaka mgongo umechubuka. Pima tu. Hukuti kitu."

Akachoma, akachota, akatikisa. Akaiacha chupa itulie. Chumvi ikaganda kwenye kioo.

Haikuganda yote, tuseme ukweli. Iliganda upande mmoja, kama ukungu wa asubuhi kwenye dirisha. Na kazi ina utaratibu wake: ukiwa na shaka, unakausha chumvi nyingine kwenye kikaango, unarudia. Jiko lilikuwa pale pale nyuma yake, na makaa bado yana moto. Lakini akajiambia, hali ya hewa hii, chumvi yenyewe itakuwa imevuta unyevu. Akamtazama mdogo wake, jinsi alivyokuwa anatafuna mdomo kama alivyokuwa akitafuna utotoni akisubiri kupewa au kunyimwa. Akaifunika chupa kwa kiganja.

"Makavu," akasema. "Pitisha."

Jioni ile mdogo wake alikuja kwake na mkewe na watoto, wakala pamoja, wakacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Mama Chumvi aliosha vyombo akiimba.

Baadaye ukaja ugomvi wa bei. Mnunuzi alitaja bei ya kutia uchungu, na wanachama wakagawanyika. Upande mmoja alisimama mkulima waliyemwita Leoleo, maana neno hilo halikumtoka mdomoni.

"Tuuze leo," akasema mkutanoni. "Watoto wangu hawali subira. Nikiichemsha haiivi."

"Kila mwaka tunauza leo," Mwenyekiti akamjibu, "na kila mwaka njaa ikifika tunayanunua mahindi yetu wenyewe kwa bei ya kutuvua nguo. Ghala lipo. Mahindi ni makavu, yamepimwa. Tusubiri kidogo, ndugu zangu."

Yamepimwa. Watu waligeuka wakamtazama Mama Chumvi, wakatikisa vichwa kuafiki. Mikono ikainuliwa, kusubiri kukashinda kwa kura chache. Yeye pia aliinua mkono. Angeuachaje chini?

Miezi ikapita, bei ikapanda kama Mwenyekiti alivyosema. Siku ya kuuza ghala likafunguliwa, na harufu ikawa ya kwanza kutoka. Mama Chumvi alipenyeza mkono katikati ya rundo, akakuta joto kama la uji. Upande wa mlangoni, pale yalipopangwa magunia ya mwisho, ukungu wa kijani ulikuwa umetoboa magunia na kutambaa mpaka nusu ya ghala. Dereva wa mnunuzi alipakia machache ya nyuma, akafunga turubai, akaondoka bila hata kuomba maji ya kunywa.

Hakuna aliyeuliza nani alileta nini. Wote walikuwa na jibu tayari: wamesubiri mno. Leoleo alilisema, wakalirudia, mpaka likawa kweli. Hata Mwenyekiti aliliamini. Alimfuata Mama Chumvi pale alipokuwa anafagia uchafu ule, akasimama na kofia mkononi.

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe huna upendeleo. Yalipoingia, yalikuwa makavu?"

Hapo ndipo angesema. Ufagio ulisimama. Lakini mdogo wake alikuwa hatua chache tu, anapakia magunia yaliyooza kwenye toroli, ya kwake na ya watu.

"Yalikuwa makavu," akasema.

"Basi ni mimi," mzee akajibu taratibu, akavaa kofia yake.

Ule uongo wa kwanza aliweza kuupangia sababu: mvua, chumvi, damu ni nzito. Huu wa pili haukuwa na pa kuegemea. Ulikaa naye akila, ukakaa naye akisuka nywele za mjukuu. Na kibaya zaidi, watu walimsifu. "Mama Chumvi peke yake ndiye hakutuangusha." Kila sifa ilikuwa mwiba.

Ndivyo alivyofika kwenye uchaguzi. Pale watu hupiga kura kwa mistari: wagombea husimama mbele, kila mwanachama anakwenda nyuma ya mtu wake. Mwenyekiti alipewa nafasi ya kusema, akasema maneno machache tu. "Niliwaambia tusubiri, na kusubiri kumeozesha jasho lenu. Mzigo ni wangu." Mpinzani wake Leoleo naye akaahidi kwamba kuanzia sasa kila mtu atauza chake, siku yake, kwa mtu wake, ghala litakodishwa.

"Mwenye neno kabla ya mistari?" msimamizi akauliza.

Mdogo wake alimgusa kiwiko. "Dada, twende kwa Leoleo. Mzee katuponza. Mimi mwaka huu, ndiyo kwanza umenipitisha kwa haki, halafu mzee anakuja kuniozeshea." Akaongeza kwa fahari, "Nimemwambia kila mtu. Wewe humwonei mtu haya, hata ndugu."

Mama Chumvi aliinua mkono nusu, akaushusha. Msimamizi akapuliza filimbi.

Alikwenda nyuma ya Mwenyekiti. Mstari ule ulikuwa mfupi wa kutia huruma, na wa Leoleo ulifika langoni ukakunja kona. Makofi yakapigwa. Watu wakaanza kuokota viti vyao.

Mzee akageuka kumshukuru. "Umebaki nami, mama. Sitasahau."

"Usinishukuru," akasema, na yote yakamtoka kwa pumzi moja: manyunyu, chupa, kiganja, ukungu. Alisema akiwa ameangalia viatu vya mzee yule, vilivyopakwa rangi kwa ajili ya siku hiyo.

Mwenyekiti alivua kofia yake. Akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Kumbe kusubiri hakukuwa kosa," akasema. Kisha uso wake ukakunjamana. "Lakini angalia somo wanaloondoka nalo leo. Kwamba tukiweka pamoja, tunaoza pamoja."

"Waite, Mwenyekiti. Waambie."

"Mimi si mwenyekiti tena. Nikisema mimi, ni kilio cha aliyeshindwa. Watacheka mpaka nyumbani." Akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Neno ni lako, mama. Lakini ukilisema kesho, litakuwa umbea. Linasemeka sasa, wakiwa bado hapa."

Langoni watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja. Mdogo wake alikuwa miongoni mwao, kiti begani, anamsimulia mtu jambo huku akimnyooshea dada yake kidole na kucheka kwa mapenzi.

Nawe uliyenifuata mpaka hapa, hebu simama kidogo uwanjani pale, mahali pa Mama Chumvi. Umati unapungua, na jina la ndugu yako liko kwenye ulimi wako pamoja na la mzee huyu. Ungepaza sauti?