Vioo Kumi na Viwili na Mguu wa Mama Mwende

Wadogo zangu wa Form One, ule ufunguo wa maabara mnaouona shingoni mwa mwingine, zamani ulikuwa wangu. Zamani ni muhula uliopita. Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu wa Fizikia alinikabidhi ufunguo, kitambaa laini na boksi la vioo bapa kumi na viwili. Akasema nisipanguse na sweta, na nisicheze. Nikapangusa na sweta.

Kazi yenyewe ilikuwa ya heshima. Unasimamisha kioo juu ya karatasi, unapanga pini, unapima: mwanga ukigonga kioo bapa unarudi kwa pembe ile ile uliyoingilia. Haukusanyiki popote. Kinachokusanya ni kioo kilichobonyea kama bakuli. Kinautupa wote kwenye nukta moja, fokasi, hata karatasi inashika moto. Chetu kilivunjika kabla sijaajiriwa.

Basi mimi, mkubwa wa maabara, nikaamua kuunda fokasi kwa vioo bapa. Wakati wa breki, jua la hapa Tawa likiwaka vizuri, niliwagawia wasee wenzangu kumi na mmoja, nikabaki na kimoja. Wote walenge nitakapolenga mimi, nikikohoa. Mlango wa jikoni ukafunguka, Mama Mwende, mpishi wetu, akatoka na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nikalenga uso wake. Nikakohoa.

Alifumba macho, akakosa ngazi, muthokoi wa moto ukamwagikia mguu wake. Tulicheka kama sekunde moja, kabla ya kuona ngozi. Hiyo sekunde bado ninayo.

Ofisini, mguu ukiwa kwenye karai la maji, yeye alisema ameteleza tu. Alikuwa ametuona. Naibu wa Mwalimu Mkuu akajibu kwamba chakula cha darasa zima kimeenda, na jikoni patatafutwa mtu mwingine. Ndipo nikaingia kutoka mlangoni nilipokuwa nikisikiliza, nikasema ni sisi. Halafu, aibu yangu, nikaanza kujitetea kwa Mwalimu wa Fizikia, aliyekuwa humo ofisini:

"Lakini mwalimu, kioo bapa hakina fokasi. Kila mtu alirusha kidogo tu."

"Walilenga wapi?"

"Nilipolenga mimi."

"Basi fokasi ni wewe. Lete ufunguo."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila hata soda. Mama Mwende alibaki na kazi yake, alirudi akichechemea. Kwenye laini ya chakula bado ananiuliza, "Nikuongeze, mwanangu?" Nashindwa kumtazama usoni. Natazama chini, na huko chini ndiko mguu ulipo.