Msimu Niliofichwa

Jirani yangu wa Gitothua, hapa Ruiru, ndiye aliyeniingiza baharini mara ya kwanza, na sitamnyima hilo kwa sababu ya hasira. Mimi ni mtu wa Kakamega, hata mto wa kwetu niliuogopa. Yeye ni wa Murang'a na hakujua kuogelea kunizidi, ila alikuwa na ule ujasiri wa kuingia tu kwanza, mengine yaje baadaye. Nilimshika mkono nikafuata.

Vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta mmoja. Chai yake ikiiva aligonga ukuta, nami nikagonga kujibu, halafu nikazunguka na kikombe changu. Aliniita mwari wa maitu, yaani binti wa mama yangu, jina ambalo kwao huitwa dada wa damu. Mimi nimezaliwa katikati ya kaka watupu. Niliitikia jina hilo kwa moyo wote, na hapo ndipo aliponipatia.

Mahali petu palikuwa kijiji kimoja kusini mwa feri ya Mombasa, kupita Msambweni, ambako mjane mmoja mshonaji alikuwa akikodisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Shamba lake la mihogo lilishuka hadi mchangani. Tulienda Januari, wakati wa kaskazi, maji yakiwa ya moto kama ya kuogea mtoto na usiku tukilala mlango wazi. Tulienda Aprili, masika ikatufungia ndani, tukakaa barazani tukila mbaazi na mahamri huku vyura wakipiga kelele shambani, na bado tukacheka. Tulienda Novemba, bahari ikiwa imelala kabisa asubuhi, maembe yakianguka yenyewe. Kiwandani Thika, ninakomenya mananasi, likizo hutolewa kwa zamu, kwa hivyo niliomba mwezi wowote watakaonipa na sikulalamika.

Safari ile ya kwanza tulinunua doti ya leso Mombasa, nyekundu, yenye korosho pembeni. Watu wa bara hatukujua kwamba leso huuzwa mbili zikiwa zimeungana. Mwenzangu alijifunga yote nzima, akajizungusha mpaka akawa hawezi kupanda ngazi. Mama mwenyeji alicheka akalia machozi. Akaikata katikati, akapinda kila kipande kwa mkono. Uzi mweupe ulimwishia, kwa hivyo cha mwenzangu kilipindwa kwa mweupe na changu kwa wa manjano.

"Basi mumekuwa watu wa doti moja," alisema. "Ziwacheni hapa, mtazikuta."

Tukaziacha. Kila tulipofika alizitoa kwenye sanduku lake, zikinukia asumini, na hapo ndipo likizo yangu ilipoanza kweli. Kijiji kizima cha watu ambao si wangu, na kwenye sanduku la mmoja wao kuna kitu changu kinaningoja. Hata kwa kaka zangu Kakamega siwekewi kitu.

Msimu mmoja tu ndio sikuuona. "Kusi achana nayo," mwenzangu alikuwa akiniambia. "June mpaka August ni upepo na mwani. Bahari inanuka, mwari wa maitu. Huwezi weka hata mguu." Nilimwamini. Yeye mwenyewe kila Julai alienda Murang'a kumsaidia mama yake kuchuma kahawa. Alirudi amechoka, ameungua mabega, na mfuko wa nduma kwa ajili yangu. Nilimwonea huruma. Nilimpaka mafuta mgongoni kwa mikono yangu hii.

Mwaka jana mtambo uliharibika kiwandani katikati ya Julai, tukaambiwa tukae nyumbani. Ruiru ilikuwa na ile baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, wingu kutwa nzima, nguo hazikauki. Mwenzangu alikuwa ameshaenda kwenye kahawa. Nikajiambia, heri upepo na mwani kuliko hii. Nilimpigia simu nimweleze, hakupatikana. Nikapanda treni.

Niliposhuka kijijini nilisimama kwanza barabarani nikidhani nimekosea. Nyasi zilikuwa za kijani, mahindi yamekomaa, hewa baridi kidogo na safi, hakuna jasho. Bahari ilikuwa na mawimbi makubwa meupe na harufu yake ilikuwa ya chumvi tu. Nilitembea nikitabasamu kama mjinga. Nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyomwambia, wee, tumekosa kitu kizuri miaka yote hii!

Mama mwenyeji alikuwa langoni. Hakunikumbatia.

"Kumbe waweza kuja kusi," alisema.

"Kwa nini nisije, mama?"

"Mwenzio alitwambia hutaki. Ati wewe wasema upepo huu waleta uvundo wa watu wa pwani."

Macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye kamba ya nguo nyuma yake. Leso zote mbili zilikuwa zimeanikwa, nyekundu, zikitiririka maji. Ya uzi wa manjano ilikuwa na mchanga bado. Ndipo mabega yale yaliyoungua kwa jua la Murang'a yalipoeleweka. Murang'a ya Julai, baridi na wingu kama Ruiru! Jua gani? Na zile nduma safi, zimeoshwa hata mizizi haina udongo, vile tu zinavyooshwa sokoni Ruiru.

Wakatokea kwenye mihogo, mwenzangu na mwanamke mmoja wa Mwihoko, jirani na kwetu, anayeimba naye kwaya, wakicheka. Mwenzangu akasimama.

"Mwari wa maitu! Si ungenipigia?"

"Nilipiga," nikamwambia. "Kahawa imeisha?"

Nikaenda kwenye kamba nikatoa leso yangu.

"Pole mum, hiyo ni yangu," yule wa Mwihoko akasema, kwa upole kabisa. "Ndiyo mimi hutumia kila mwaka. Huyu alinipatia, akasema mwenye leso alikataa kurudi."

Kila mwaka. Sikumchukia yule mwanamke, hakuwa na kosa. Niligeuka nikamwambia mama mwenyeji kwamba neno lile la uvundo halikutoka kinywani mwangu. Alinitazama, akamtazama mwenzangu aliyekuwa akichorachora mchanga kwa kidole cha mguu, akaniambia niingie nile. Lakini aliniambia kwa sauti ya kumkaribisha mgeni, na chumba alichonionyesha kilikuwa cha upande wa barabara, si vile vyetu vya nyuma.

Jioni mwenzangu alinifuata. "Nilitaka tu kitu kimoja ambacho si chetu sote," alisema. "Na ningesema nini wakiuliza uko wapi?"

"Ungesema niko kazini," nikamwambia. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno. Kwenda na mwingine ningemeza. Lakini kunichafulia jina mahali pekee nilipowekewa kitu, ili yeye apate Julai yake!

Asubuhi niliingia majini peke yangu, mpaka kiunoni, bila mkono wa kushika. Mawimbi yaliniangusha nikainuka. Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote tuliyoona pamoja. Niliondoka na leso ikiwa mbichi ndani ya mfuko. Mama mwenyeji alinisindikiza hadi langoni, akaniambia nikija tena nije nayo.

Bado tunakaa ukuta mmoja, nyumba za kupanga hazipatikani kirahisi. Kwa miezi mingi ukuta haukugongwa. Juzi asubuhi, chai yake ilipoiva, aligonga. Nilikuwa nimeshika kikombe changu, kitupu. Nilikiweka mezani polepole, asisikie kwamba nipo.