Rangi ya Meko ya Laeken

Nikifumba macho, nyumba yetu ya kupanga ugenini, kule Laeken, hunijia kwanza kwa harufu: masizi yaliyolowa na mbao kuukuu. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa miaka mingi, lakini mvua bado ilipata pa kupenya. Meko ile ya ukutani haikuwashwa tena. Tulichokuwa nacho ni fremu yake ya mbao, yenye rafu ambapo Maman alipanga picha za ndugu zake waliobaki Bukavu. Rangi yake nyeupe ilikuwa imepasuka na kubanduka vipande vipande kama magamba ya samaki. Nilikuwa na miaka kumi, na majira yale ya baridi kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumwangalia mdogo wangu Neema, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akishikilia kila alichokikuta.

Mwenye nyumba, mzee mpole kupita kiasi, alituletea kopo la rangi lisilo na jina wala karatasi. Alisema Papa apake juu ya ile ya zamani, bila kukwangua, na apake upesi. Papa alishukuru. Maman aliligeuza kopo, akalinusa, akaliweka nje kwenye baraza.

"Papa Furaha, huyu muzee iko anaficha kitu," alisema, akimwita Papa kwa jina langu kama kawaida. "Juu ya nini anatuharakisha?"

"Maman, wewe unaona mubaya kila fasi. Rangi ni rangi."

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilijaa shaka. Maman alimshuku mwenye nyumba, Papa alimshuku Maman kwamba anatafuta ugomvi utakaotufukuzisha, na mimi niliwashuku wote wawili kwamba wameshajua siri yangu. Maana mara mbili nilikuwa nimemkuta Neema anatafuna kitu cheupe chini ya meko. Nilikitoa kinywani mwake kwa kidole, nikamfuta midomo, nikarudi kwenye televisheni.

Jumamosi Maman alinichukua hadi duka la rangi nimtafsirie, kwani Kifaransa chake kilikuwa bado kichanga. Muuzaji, mwanamke mwenye madoa ya bluu kwenye mikono, hakuanza na rangi. Aliuliza kama moto bado unawashwa. Hapana. Basi, alisema, haihitajiki rangi ya kuhimili joto. Rangi ya mbao ya maji inatosha, isiyo na harufu kali. Kisha akauliza nyumba ina umri gani, na kama kuna mtoto mdogo. Nilipojibu, uso wake ulibadilika. Akataja neno "plomb", nami nikalitafsiri nilivyolijua.

"Anasema mu rangi ya zamani munaweza kuwa masasi."

Maman alishika ukingo wa kaunta. Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu, ile ya bunduki, iliyomtoa kwao. Muuzaji alieleza tena polepole: ni madini ya risasi, hayaonekani, na mtoto akiyala humdhuru. Akatupatia kijiti cha kupimia, kinachogeuka kuwa chekundu kikigusa madini hayo. Nyumbani Papa alikisugua kwenye fremu huku akinung'unika kwamba madukani watu hutishwa ili wanunue. Kijiti kikawa chekundu. Papa akambeba Neema, akamtoa karibu na meko.

Jumatatu tulikuwa kwa daktari. Aliuliza kama mtoto amewahi kula vile vipande.

"Hapana," Maman alisema kwa uhakika. "Dada yake anamuangalia bien, muzuri kabisa."

Nilimwangalia Neema akivuta kamba ya kiatu changu. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Amekula," nilisema. "Mara mbili nilimuona."

Maman hakunipiga. Alinitazama tu, na nadhani kiboko kingekuwa chepesi zaidi. Damu ya Neema ilikutwa na madini ya risasi yaliyozidi kiasi kwa kidogo. Alifuatiliwa miezi mingi mpaka yakashuka. Daktari aliandika barua, na mwenye nyumba, upole wote umemwisha, akaleta mafundi wenye barakoa waliong'oa rangi yote ya zamani. Kama alijua tangu mwanzo, hakusema kamwe. Papa mwenyewe alipaka rangi mpya ya maji, nyeupe kama maziwa, akanisomea kwa sauti kila neno lililoandikwa kwenye kopo.

Leo ninaishi Uccle, upande mwingine wa jiji lilelile, na Neema, mzima kabisa, ananizidi kimo. Siku hizi ukiuliza rangi ina nini, unajibiwa. Wakati ule tulipaswa kushuku kwanza ndipo tujue. Lakini shaka ya watu wazima haikutosha, kwa kuwa aliyeona alikuwa mtoto aliyeogopa kusema. Wiki iliyopita binti yangu alinijia amekunja uso, akasema amevunja kitu shuleni. Nilimkalisha karibu yangu, nikamshukuru kwa kuniambia, na sikumuuliza ni kitu gani hadi alipotulia.