Siku Kumi na Moja za Baba Bandarini

Baba yangu, Pasikali, alifanya kazi bandarini Dar es Salaam siku kumi na moja tu, akazisimulia kwa karibu miaka thelathini. Kijiji chetu kizima cha Kumsenga kilizijua. Tulipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mengi tuliyaacha migombani, hata mtungi mkubwa wa mama, lakini zile siku kumi na moja zilifika kijijini zikiwa nzima. Mimi, Maximilla, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa nimezichoka tangu sijang'oka meno ya utotoni.

Ambaye hakuzichoka ni Abdalah, bwana afya aliyeletwa kwetu na serikali kutoka Dar. Alikuja kukagua vyoo, akamsikia baba akitaja winchi na matishali, akafurahi kama aliyekutana na ndugu yake. Marehemu baba yake alikuwa kuli wa bandari. Basi kila Jumapili jioni yuko kwetu, anapambana na ugali wa muhogo, anamwita baba "Mzee wangu". Na Mei Mosi ya mwaka sabini na sita ilipokaribia, ni yeye aliyewaambia viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kule Kibondo kwamba tunaye kuli wa enzi zile wafanyakazi walipoanza kujitetea. Wakakubali akae meza kuu, azungumze. Baba akalifua koti lake mara mbili.

Siku moja kabla ya sherehe, Abdalah alikuja mchana amsikilize afanye mazoezi. Tulikaa uani, mama yangu Valeria akichambua maharage. Baba akasimama wima, akaanza.

Alikuwa kijana, amejiandikisha manamba kwa wakala aliyepita kwetu, aende kukata mkonge. Treni ikapita mashamba ya mkonge bila kuwashusha. Wakajikuta Dar, wakalazwa ghalani humo humo bandarini, wakaambiwa wapakue meli. Meli zimejaa, wapakuaji hakuna. "Wali na nyama kila siku, mwana wanje! Nyama!" Hapo huwa anatutazama sisi wanawe kwa huruma.

Kisha ikaja sehemu anayoipenda, ile ambayo Abdalah, kwa maswali yake ya winchi, hakuwahi kumwacha aifikie. Asubuhi ya kwanza walikuwa wanapelekwa kwenye matishali, zile mashua pana za kushushia mizigo kutoka melini. Nje ya seng'enge walisimama wanaume wengi, watu wazima, wanawapigia kelele. Kiswahili cha akina baba kilikuwa cha kuokoteza, wakadhani wenye mji wanawakaribisha kwa namna ya kwao. Na Muha hapiti mbele ya mkubwa wake kimya kimya. Unainama, unapiga makofi taratibu, ndipo unaamkia. Basi wanaume arobaini wakasimama foleni, wakainama, wakapiga makofi. "Amahoro! Amahoro!"

Baba alikuwa anacheka. Abdalah alikuwa amekodoa macho.

"Mzee," alisema, "mlipiga makofi?"

"Tulipiga! Vizuri kabisa!"

"Kumbe ni nyinyi." Alisema polepole, kama mtu aliyeona nyoka karibu na mguu wake. "Loh! Ni nyinyi."

Akatueleza. Wale wa nje ya seng'enge walikuwa makuli wenyewe, wamegoma. Kuli akivunjika mguu ndani ya tishali aliambiwa arudi kwao, hapati hata nauli. Chama chao kilikuwa kichanga, hakina ofisi, wanakutana uani kwa fundi cherehani, na baba yake Abdalah alikuwa mmoja wa waliopita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenzake wajiunge. Mgomo ule ndio ulikuwa tegemeo lao. Ikaletwa nguvu kazi kutoka bara, meli zikapakuliwa, mgomo ukafa. Baba yake hakuruhusiwa kukanyaga bandarini tena.

"Alikuwa akisema kushindwa alikuzoea," Abdalah alisema. "Lakini wale watu wa bara waliwapigia makofi. Wakawafanyia dhihaka mchana kweupe. Hilo amekufa nalo, Mzee."

Mama aliacha kuchambua. Baba alikaa chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. Mimi nikawaka, nikamtukana yule wakala wa manamba kwa Kiha matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ndipo Abdalah akamshika baba mkono.

"Hamkujua, Mzee wangu. Mlidanganywa kama watoto. Mimi sina kinyongo. Kesho zungumza, waambie hamkujua."

Nilishusha pumzi. Yamekwisha, nilijiambia.

Kesho yake uwanja wa Kibondo ulijaa walimu, wauguzi na watu wa ujenzi, wote na mabango. Abdalah alikaa meza kuu akitabasamu. Baba akapewa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili.

"Bwana Afya jana alinisamehe kwa sababu sikujua," alisema. "Makofi sikujua. Mgomo nilijua."

Tabasamu la Abdalah likaganda.

"Siku ya tatu mpishi wetu alituambia. Alisema hawa wanaume wanadai haki yao, nanyi mnawaua. Wenzangu wawili walitupa magunia, wakafungiwa ndani. Mimi nilikuwa na mchumba kwetu, ng'ombe wa mahari sina. Nikabeba siku nane zilizobaki. Nilijua kila gunia."

Katibu wa tawi akaiashiria bendi ipige, na bendi ikabaki inamtazama. Abdalah alisimama, akavaa kofia yake, akapita katikati ya watu bila kumtazama baba. Kwetu hakukanyaga tena.

Mimi sikumwelewa baba. Msamaha alikuwa nao mkononi, kwa nini autupe? Na kwa nini sisi hatukuambiwa? Nilimgeukia mama nikitegemea kumwona ameduwaa kama mimi. Alikuwa ametulia, anafunga upya kanga yake.

"Mama, umesikia?"

"Mimi aliniambia kabla hajanioa," mama alisema. "Nikamwambia alete hao ng'ombe."