Mgeni Aliyekuja na Sukari

Binti yangu alizaliwa hapa Johannesburg, na Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema. Ndiyo maana nilifurahi kupita kiasi aliponijia mtaani Doornfontein, kwenye chumba ninachoshonea nguo, akasema mwalimu wake wa historia chuoni amewapa kazi: kila mwanafunzi amsimulie mtu wa nyumbani kisa alichosoma, kwa lugha ya nyumbani, na arekodi yote yatakayosemwa. Akaweka simu kwenye meza ya kukatia, kando ya mkasi, akaanza.

Kisa kilikuwa cha Wadenmark. Mimi nilidhani hao ni watu wa siagi na baiskeli, basi. Kumbe walitawala visiwa vitatu kule Karibi, nchi ya joto kama kwetu Tanga, wakavigeuza mashamba ya miwa. Watu wa kulima waliwanunua pwani ya Ghana, walikokuwa na ngome yao.

“Sukari ikaenda Copenhagen,” akasema, “watu wakabaki na… eish, baba, hizi zinaitwaje?” Akajigusa mgongo.

“Makovu,” nikamwambia.

Watumwa walikusanyika mbele ya ngome ya huko visiwani wakadai uhuru mpaka wakaupata, lakini ardhi ikabaki ya wenye mashamba. Baadaye sana, sukari ilipokuwa haina faida tena, Denmark ikaviuza visiwa kwa Marekani.

“Pamoja na watu?” nikauliza. Mguu ulikuwa umesimama kwenye pedali ya cherehani.

“Watu walikuwa humo, baba.”

“Waliulizwa?”

“Kura ilipigwa Denmark. Wa visiwani haikuwahusu. Wengi wao walitaka kuwa chini ya Marekani, walikuwa wamechoka na Wadenmark. Lakini kura yenyewe haikuwa yao.”

Mimi hasira zangu ziko karibu, mke wangu atakwambia. Niliwatukana Wadenmark wote, wazima na wafu, sikubakisha. Nikasema mtu mwenye haya hauzi nyumba wakati watu wamo ndani wanapika. Nilisema hivyo hivyo, na simu inasikia.

Binti yangu akaniacha nimalize. Kisha akauliza taratibu, “Na shangazi, ulimuuliza?”

Baba yetu aliacha nyumba Tanga, na hati aliiandika kwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume. Lakini aliyekaa humo ni dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyemuuguza baba mpaka siku ya mwisho. Binti yangu alipopata nafasi ya chuo niliiuza nyumba ile kwa simu, nikiwa hapa hapa. Kumwambia dada nilishindwa. Kila Ijumaa nilimpigia, nikamuulizia goti lake, nikakata. Mwishowe nikamwomba mnunuzi mwenyewe aende akamwarifu. Na kwa kuwa kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, nikamsisitiza achukue sukari kilo mbili, aseme imetoka kwangu. Nilijiona mstaarabu kweli.

Dada alipoona mtu kaja na sukari na salamu zangu, akajua ni mgeni wangu. Akamtandikia mkeka, akampikia chai kwa sukari ile ile. Yule bwana akanywa, halafu akamwambia nyumba ameinunua yeye na mwisho wa mwezi ahame. Sasa dada amepanga chumba Muheza. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Binti yangu nilimwambia shangazi yake ameamua kuhama.

“Nilimpigia jana anisaidie maneno ya Kiswahili,” akasema. “Akanieleza yote.”

“Labda naye alikuwa amechoka na nyumba ile,” nikasema. “Bati lilikuwa linavuja. Kama hao waliotaka Marekani.”

Niliona aibu kuwatumia watu wa visiwani, wale niliokuwa nawatetea dakika tano kabla, ili wanifunike mimi.

“Nasoma kwa pesa za nyumba yake, baba,” akasema.

Nikakanyaga cherehani, nikashona mshono ambao baadaye ilibidi niufumue. Alipochukua simu yake nilimwomba aukate ule mwisho wa rekodi. Akakataa. Mwalimu alisema yote.

Jumapili nikampigia dada. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla goti halijatajwa nikasema: “Dada, ilikuwa nikuulize kwanza. Nisamehe.”

“Ungeniuliza ningekubali,” akasema. “Ni mtoto wetu, acha asome. Nimekusamehe, mdogo wangu.” Akakohoa kidogo. “Ila yule mtu nilimkaribisha mwenyewe. Nilimwambia asione haya, ajione yuko kwake.”