Esteri na Sili Mbili Zilizovimba

Mpwa wangu Esteri ndiye fundi wa pampu ya maji hapa Kitahana, na akili ile ameirithi kwangu. Mama yake anakataa, lakini mama yake ni mdogo wangu, na kunikatalia ni kazi aliyoianza tangu tunachunga mbuzi.

Ufundi hakuusomea darasani. Alikuwa akifagia ghala la vifaa kambini, upande wa Kibondo, ndipo fundi mmoja mkimbizi kutoka Burundi, mzee Nkunzimana, akaona kwamba binti anatazama zaidi ya anavyofagia. Akampa spana. Ndiye aliyemfundisha kufunga sili, kile kifaa kinachozuia maji yasitoke pale shafti inapoingia kwenye pampu. Sili ina nyuso mbili. Mmoja umetulia, mwingine unazunguka na shafti, na springi inazisukuma zikutane pasibaki mwanya.

"Uso wa sili ni kama uso wa mkwe," mzee alimwambia. "Unaupisha kwa heshima. Ukiutia kidole, umejitakia."

Basi Esteri akitaka kufunga sili hutoka nje kunawa mikono mpaka viwikoni, kama anakwenda kupasua mtu. Mimi humcheka, huku nimemshikia tochi.

Mwaka huu pampu ikaanza kuvuja. Akabadilisha sili. Wiki tatu tu, maji yakadondoka tena, kisha yakatiririka, mpaka mota ikawa imekaa kwenye dimbwi kama bata. Akafunga ya pili. Hiyo ilikaa wiki mbili.

Kamati ya maji ikamwita. Mwenyekiti ni Nsengimana, mwalimu mstaafu, ambaye hadi leo anakutazama kana kwamba umechelewa namba. Akasema, "Esteri, utafunga ya tatu. Ikivuja kabla ya mwezi kuisha, tunaleta fundi wa mjini, na wewe upumzike."

Kupumzika maana yake kulima vibarua. Esteri ana watoto wawili, na mume aliyekwenda Mpanda kutafuta maisha na bado anayatafuta. Hakulia. Aliivingirisha sili mbovu kwenye kitambaa, akapanda basi la asubuhi kwenda Kasulu kwa muuza vipuri. Nikamsindikiza, maana nilimwambia mambo ya pampu yanahitaji mtu mzima mwenye sauti.

"Haya, Mjomba," akasema. "Ila sauti uiache mlangoni."

Muuza vipuri anaitwa Omary. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko barabara yetu. Nyuso za sili hakuzitazama. Aliubonyeza ule mpira unaoshika shafti, akaunusa, akaunusa tena.

"Dada yangu, hii pampu mnaikaangia dagaa?"

"Sijakuelewa, kaka."

"Mpira umevimba. Na unanukia mawese."

"Mimi naulainisha kwa maji ya sabuni tu. Aliyenifundisha alinikataza mafuta."

"Basi una mwenzio."

Wote wawili wakanigeukia. Mimi nikawa nasoma kalenda ukutani. Ilikuwa ya mwaka juzi.

Nieleze, kwa sababu mtu mwenye akili hafichi jambo likishanuswa. Huku kwetu mawese ni dawa ya kila kilichokwama: bawaba, mnyororo wa baiskeli, kisigino kilichopasuka. Esteri alipotoka kunawa niliuona ule mpira mkavu kama ulimi wa mgonjwa, nikauonea huruma. Nikapaka kidogo. Sili ya kwanza ilipovuja, nikajua kosa langu: nilipaka kidogo mno. Ya pili nikaongeza.

"Mzee wangu," Omary akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji, "mpira huu na mafuta havikai nyumba moja. Unavimba, unanata kwenye shafti, springi inasukuma bure, na nyuso hazikutani. Maji yanapita."

Kwenye basi Esteri aliipakata sili mpya tuliyonunua kwa Omary, akanigeuzia kisogo. Ningependelea anitukane. Tulipokaribia kushuka akasema, "Mjomba, watoto wangu wanakula kwa ile pampu."

"Najua, mpwa wangu."

"Najua unajua."

Kesho yake akafunga ya tatu. Mimi nilisimama nje, dirishani, mikono nyuma kama mahabusu. Akaisugua shafti mpaka ikang'ara, akaulowesha mpira kwa maji ya sabuni, akausukuma polepole ukakaa. Kisha akaijaza pampu maji kabla ya kuwasha, kwa kuwa nyuso zikizunguka kavu huungua. Akawasha. Hakuna kilichodondoka isipokuwa jasho lake.

Mwezi ulipokwisha kamati ikaja. Nsengimana akachana karatasi kwenye daftari lake, akaipitisha chini ya shafti huku pampu inanguruma. Karatasi ikatoka kavu. Akaigeuza upande wa pili, kavu.

"Vizuri," akasema. "Sasa zile mbili ziliharibikaje? Kama hujui sababu, umebahatisha. Kamati haiajiri bahati."

"Mpira ulipakwa mafuta, Mwalimu."

"Na nani?"

Esteri akatazama sakafu. Kaka wa mama hatajwi mbele za watu kwa aibu yake. Hivyo ndivyo tulivyomlea, na mimi nilikuwa mkali kuliko wote katika somo hilo. Angenyamaza mpaka kazi imponyoke. Nikaona Nsengimana anafungua kalamu.

"Ni mimi," nikasema. "Zote mbili. Ya pili niliongeza."

Walicheka mpaka mjumbe mmoja akaomba maji ya kunywa. Nsengimana hakucheka. Aliandika, akatusomea: fundi ataendelea na kazi, na mjomba wa fundi asionekane ndani ya hatua kumi za pampu.

Esteri akauliza kama sili ya akiba inaweza kuagizwa mapema, kabla hii haijachoka.

"Andika unayoitaka, fundi," Nsengimana akasema, akampa kalamu.

Mimi huwaambia watu kwamba kazi ya Esteri niliiokoa mimi. Hakuna anayebisha, ingawa wengi huondoka kabla sijamaliza.