Viboksi Nilivyochora Kando ya Zizi

Nimefundisha biolojia Migori kwa miaka mingi, na jambo linalonitia aibu kuliko yote nililifanya nikidhani ninafundisha.

Kaka yangu alipopatwa na saratani ya damu, ile inayokuja ghafla, mimi ndiye niliyempeleka hospitali Homa Bay, kwa kuwa nyumbani mimi ndiye msomi. Daktari alitusomea majibu ya vipimo. Kulikuwa na jeni moja ambayo kwa kawaida hufanya kazi zaidi kwenye ubongo, ila kwa kaka ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi ndani ya seli za damu zilizougua. Hiyo ilikuwa dalili kwamba ugonjwa ni mkali. Akauliza kama nina swali. Kaka alikuwa ananitazama, na mimi ni mwalimu mzima. Nikasema sina.

Wiki hiyohiyo jagam, mshenga aliyeleta posa ya binti wa kaka, alifika nyumbani karibu na Kosele. Kwetu mshenga hunywa chai, husifu ng'ombe, kisha humtafuta mtu mmoja wa kuaminika amuulize kuhusu magonjwa ya ukoo. Aliniita kando ya zizi.

"Mwalimu, hii kitu ya ndugu yako iko kwa damu ya boma?"

Ningesema sijui, ningekuwa nimesema kweli. Badala yake nilisafisha koo, nikaokota kijiti, nikamchorea mavumbini vile viboksi ninavyochora ubaoni kila mwaka: baba huku, mama huku, watoto chini. Nikamwambia ni jeni, na jeni hurithiwa. Nakumbuka nilivyofurahia jinsi alivyokuwa akitikisa kichwa. Alinishukuru kwa kutomficha, akaaga. Posa ikafia hapo.

Tuliporudi hospitali nilimuuliza daktari kama binti naye apimwe.

"Apimwe nini?" akashangaa. "Mwalimu, hiyo jeni hata wewe uko nayo. Hata mimi. Kila mtu anazaliwa nayo. Shida ni vile inafanya kazi kwa hizo seli zenye zimegonjeka. Hiyo hakupewa na mzazi, na hawezi kupea mtoto."

Masikio yaliniwaka. Kwamba karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zote, ila si zote hufanya kazi kila mahali, nimewakata wanafunzi alama kwa kukosa jibu hilohilo.

Nilikwenda mpaka kwa wazazi wa yule kijana aliyeposa, upande wa Migori, nikawaeleza kwamba kaka hakuwa na ugonjwa wa kurithi. Walinisikiliza kwa heshima. Kijana alikuwa ameshapeleka ng'ombe wa mahari boma lingine. Mshenga, aliyekuwa ameketi nao, aliniuliza jambo moja tu: "Sasa siku ile mbona hukusema hujui?"

Kaka tulimzika kabla sijamwambia nilichosema kando ya zizi. Baada ya matanga binti yake aliniletea chakula, akashika jagi na beseni ninawe. Ananiita baba, kama ilivyo kwetu.

"Baba, nimeskia ulienda mpaka kwao," alisema. "Sijui ni nani alituharibia jina. Lakini ni wewe peke yako ulinitetea. Asante."

Alinimiminia maji polepole. Nikanawa, nikala, nikamwambia samaki ameiva vizuri.